Wifi Mwanaidi na Wezi wa Ukurasa Wetu

Jumatano, Mfungo Mosi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu. Liwa ya kusingia mabibi harusi niliyoianika jana nimelazimika kuiingiza ndani ikiwa nusu kavu, na nyumba nzima inanukia karafuu na nguo mbichi. Sina kazi mpaka alasiri. Nimekaa mkekani, kompyuta iko mapajani, nataka kuandika jambo ambalo tangu juzi nalizunguka kama paka anavyozunguka samaki wa moto.

Nataka kumsifu wifi yangu.

Anayejua mambo ya mawifi wa pwani ameshacheka. Na acheke. Mimi mwenyewe nilipoiandika sentensi hiyo niliangalia mlangoni kwanza.

Kwa mgeni wa hapa: watu wananiita Mama Nasra. Mume wangu ni mdogo wake Mwanaidi, na tunaishi ua mmoja, yeye upande wa kisimani, sisi upande wa barabarani. Tuna biashara moja, ya kupamba mabibi harusi. Mwanaidi anawasinga na kuwachora hina. Mimi nashika simu. Kushika simu maana yake ni ukurasa wetu wa mtandaoni: napandisha picha za mikono na miguu yenye hina, najibu wateja, napanga siku. Nina cheti cha mapokezi ya hoteli. Yeye aliishia darasa la saba. Sijawahi kumwambia hivyo usoni, ila nimetafuta njia nyingi za kumkumbusha, na zote nilizipamba kwa adabu. Leo ninaona haya nikizikumbuka.

Watu wanaotutembelea mtandaoni wanaona mikono tu. Kilichomo inboksi hawakioni. Msichana akitaka tumchagulie mchoro anatutumia picha zake: viganja, miguu, mgongo, na sura bila mtandio, maana rangi ya hina huchaguliwa kwa kuangalia rangi ya mtu. Picha hizo hata bwana harusi hajaziona. Ndiyo kusema, ule ukurasa wetu ni chumba cha mwali, na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Sasa nieleze tabia moja ya Mwanaidi, maana bila hiyo haya mengine hayatakaa sawa.

Singo, ule unga wa manukato anaowasugua nao mabibi harusi, ikikauka mwilini hubanduka na kudondoka mkekani. Mwanaidi haachi hata chembe. Mwali akishanyanyuka yeye huchukua ufagio mdogo wa chelewa, akafagia singo iliyodondoka, unywele uliokatika, kipande cha uzi, vyote akavifunga kwenye kitambaa na kwenda kuvifukia mwenyewe. Hamtumi mtu. Ndivyo alivyofundishwa na waliomfunza kazi: kilichotoka kwa mwali hakiachwi njiani, wapo wenye husda. Hilo sikuwa na neno nalo, hata kwetu walikuwa wakifanya hivyo.

Neno lilikuja alipoanza kufagia na simu.

Harusi ikishapita, asubuhi yake Mwanaidi anakuja upande wangu, anakaa kitako, ananyoosha mkono. "Wifi, nipe simu nifagie." Basi anaifuta ile picha na ile, maongezi yote ya mwali yule kule inboksi, anaingia na kwenye kapu la vilivyofutwa anafuta tena. Pole pole, kidole kimoja, mdomo anaukunja kama anayetunga uzi kwenye sindano. Mimi roho inaniuma. Zile ni kumbukumbu za biashara, nikamwambia. Wenzetu wa mjini wanazitunza, wanazitengenezea matangazo. Akanijibu kwamba wa mjini wana wao, na wa kwetu ni wa kwetu. Nikamwona mshamba. Naandika hivyohivyo kama nilivyowaza.

Mwaka jana alikwenda kwenye semina ya akina mama wajasiriamali, siku mbili, akarudi na daftari limejaa. Alifungua barua pepe mpya kwa ajili ya ukurasa tu, neno lake la siri akaliandika daftarini na daftari akalifungia kwenye sanduku la udi. Kisha akaniomba tuweke ulinzi wa hatua mbili: kila simu ngeni ikitaka kuingia kwenye ukurasa, au mtu akitaka kubadili neno la siri, kwanza zitumwe namba kwa meseji. Namba hizo ziende kwenye kiswaswadu chake, kile kisimu cha kubonyeza kisichojua mtandao ni nini. Tukaweka. Na kila nikizihitaji namba, ilibidi nivuke ua nikamwombe. Yeye kabla hajanisomea anauliza, "Nani anaomba?" Ananiona nimesimama mbele yake, na bado anauliza. Alisema ndivyo walivyofundishwa, usitoe namba kabla hujajua nani anaziomba.

Ilinichosha. Mtu mzima mwenye cheti naulizwa mimi ni nani uani kwangu mwenyewe, na wapangaji wanasikiliza.

Kwa hiyo kabla ya Ramadhani, siku moja nimenuna kwa mambo mengine kabisa, niliingia kwenye mipangilio nikaitoa namba yake nikaweka yangu. Sikumwambia. Neno la siri nalo lilikuwa jina la mwanangu na mwaka aliozaliwa, na jina hilo ndilo ninaloitwa mtaa mzima, na ndilo lililoandikwa juu ya ukurasa. Sijui nilimficha nani.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na harusi ya Zuhura. Kwao ni Kiwangwa, wakulima wa mananasi, ameolewa hapahapa Bagamoyo. Mama yake alikuja na mwanawe siku ya singo, na kabla mkeka haujatandikwa alituita pembeni sisi wawili. Baba yake Zuhura, alisema, ni mtu asiyetaka kabisa mambo ya picha. Yeye mama ndiye aliyemruhusu binti atutumie zile za kuchagulia mchoro, kwa siri ya mumewe. Akatuomba sura ya mwanawe isionekane kokote. Mwanaidi alimshika mkono akamwambia hiyo ni amana. Mimi nikaitikia kwa kichwa, huku najibu mteja.

Jumamosi asubuhi Mwanaidi alikuja kufagia. Nilimwambia simu haina chaji, aje baadaye. Uongo. Zile picha za Zuhura zilikuwa nzuri mno, hina imemkubali, nilitaka nizikate sura nibakishe mabega na mikono kwa tangazo. Hakubisha. Akarudi kwake.

Jumatatu saa nne nikapata ujumbe kwenye ukurasa, kutoka kwa Zuhura. Dada yangu, yuko kwenye shindano la bi harusi wa mwezi, anapungukiwa na kura, ataniandikisha kama mpiga kura wake, nitaletewa namba kwa meseji, nimtumie upesi kabla muda haujafunga. Na ua jekundu mwishoni.

Wazo la kumpigia nikahakikishe lilinijia. Naapa lilinijia. Lakini Zuhura alikuwa siku ya tatu ya fungate, na mtu mwenye malezi hampigii simu mwali aliye fungate. Siku saba zile ni zao. Nikaona haya kupiga. Kumkatalia mwali wetu jambo dogo vile nako nikaona ni ubaya. Meseji ikaingia, namba sita. Nikazituma.

Sikumaliza hata kunywa chai. Ukurasa ulinitupa nje. Kila nikiandika neno la siri unasema siyo. Nikatumia simu ya mume wangu kuchungulia kama mgeni, nikakuta picha yetu ya mbele imebadilishwa, na pale kwenye mikono yenye hina pameandikwa kwa herufi kubwa: kila bi harusi aliyepita hapa, picha zake tunazo, kuanzia adhuhuri zitarushwa moja moja, anayetaka yake ifutwe aandike inboksi.

Niliiona sura ya Zuhura bila mtandio, nikaiona na sura ya baba yake. Nikamwona mama yake akiulizwa nani alimruhusu binti. Ndoa ina siku tatu, na mimi nimeshaipelekea fedheha kwa namba sita.

Nilivuka ua na mvua bila viatu.

Mwanaidi alikuwa anachambua asumini kwenye ungo. Nilimwambia yote kwa mkupuo mmoja, nalia, mpaka nikafika kwenye ujumbe wa Zuhura. Hapo ndipo aliponyanyua uso. Akasema si Zuhura. Simu ya Zuhura anayo somo wake, yule mama aliyemfunza na anayekaa naye fungate, na Ijumaa ile Mwanaidi aliiona kwa macho yake ikizimwa na kufungiwa kabatini. Kisha akasema kwa upole kabisa kwamba mwali wa siku tatu hana habari na kura za mtu. Ilikuwa wazi kama mchana. Ile fungate niliyoiheshimu hata nikashindwa kupiga simu ndiyo ingeniambia kila kitu, kama ningeifikiria dakika moja.

Nikamwambia picha zitarushwa adhuhuri. Akauliza, "Arushe nini?"

Sikumwelewa.

"Za Zuhura nilifagia jana, ulipokwenda sokoni. Simu uliiacha kwenye chaji. Hana kitu humo, wifi. Arushe nini?"

Nilikaa chini palepale, kwenye maji. Wasichana wote waliopita kwenye mikono yetu, mmoja mmoja, Mwanaidi alikuwa ameshawafagia, na mwizi aliyeingia chumbani mwao alikuta sakafu tupu. Alichokuwa nacho ni maneno ya kutishia na maongezi yangu na muuza karafuu.

Baadaye tulijua kwamba akaunti ya Zuhura iliibwa siku ya harusi, mikononi mwa dada yake aliyekuwa anaitumia kwenye simu yake mwenyewe kuonyesha ukumbi. Picha hazikuwamo hata humo, maana siku ya singo Mwanaidi alikuwa amemfutisha Zuhura maongezi yake na sisi. Shindano lilelile, ua lilelile.

Wifi yangu hakukaa kufurahia. Aliufunika ungo, akafungua sanduku la udi, akatoka na lile daftari. Tukaifungua barua pepe yake ile ya semina kwenye simu yangu. Ndani palikuwa na taarifa ya nusu saa nyuma: neno la siri la ukurasa wako limebadilishwa, kama si wewe uliyefanya hivi, bonyeza hapa. Mimi nikanyoosha kidole nibonyeze. Akanishika mkono. Akanisomesha kwanza ilikotoka barua, herufi kwa herufi, akalinganisha na alichoandika daftarini siku ya semina, maana wezi nao huandika barua za namna hiyo. Aliporidhika ndipo akaniambia bonyeza. Ilituchukua muda na maswali mengi, mvua inagonga bati, lakini kabla ya adhuhuri ukurasa ulikuwa umerudi. Tukazitoa simu zote zilizokuwa zimeingia. Neno la siri jipya alilitunga yeye, refu, na mtoto wa mtu hayumo. Nikawaandikia wateja tangazo fupi la kweli: tuliibiwa ukurasa, tumeurudisha, hakuna picha iliyochukuliwa kwa sababu hatutunzi picha, na anayeombwa namba zozote kwa jina letu asitoe.

Halafu tukafika kwenye mipangilio ya ulinzi.

Pale ilionekana namba zinakokwenda. Hazionyeshi yote, tarakimu mbili za mwisho tu, na zile mbili hazikuwa zake. Aliziangalia. Nilikuwa tayari kwa maneno yoyote, na Mwanaidi anayajua maneno, akiamua kumsema mtu basi huyo mtu hula chakula kidogo jioni ile.

"Rudisha yangu," akasema. Basi. Akainuka kwenda kuswali.

Nilidhani yamekwisha. Jana asubuhi akaja amevaa baibui, akaniambia nivae twende Kiwangwa. Nikauliza kuna nini cha kwenda kusema wakati hakuna kilichotoka. Kwangu ilikuwa ni bahati, na bahati hunyamaziwa. Akasema yule mama aliweka amana kwetu, mlango wake umevunjwa, na haki yake ni kuambiwa hata kama hakikuibiwa kitu. Nikapendekeza tumpigie simu. Akatangulia mlangoni. Tulikwenda.

Mama Zuhura tulimkuta anapanga mananasi chini ya kibanda. Tulimpa shikamoo, akaitika, akafurahi, akadhani tumeleta habari za mwali. Kwa bahati mumewe alikuwa shambani. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kuieleza ili ionekane ni ajali. Mwanaidi akatangulia. Akamweleza tangu mwanzo, bila kupunguza, kwamba ukurasa uliingiliwa, kwamba picha za binti hazikuwamo, na kwamba namba zilitolewa na sisi wenyewe.

Yule mama aliuliza swali moja tu. Nani alizitoa.

Mkono wangu ulikuwa umeshashika pindo la mtandio.

"Tulighafilika, mama," akasema Mwanaidi. "Sote wawili. Tunakuomba radhi."

Sote wawili. Mtu aliyeandika daftari, aliyefagia, aliyeuliza nani anaomba mpaka nikamchoka, alichukua nusu ya kosa langu mbele ya mtu mzima akaibeba kama mzigo wake. Na sauti yake haikubadilika hata kidogo. Mama Zuhura akatutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema binti yake asiambiwe mpaka atoke fungate, na mumewe asiambiwe kabisa. Akasema pia kwamba mtoto wake wa pili anaposwa, na Mungu akijaalia ni sisi tutakaomsinga. Tuliondoka na mananasi manne. Mimi nilibeba matatu, sikuona sababu ya kubeba pungufu.

Njiani tulizungumza habari za bei ya liwa. Nilikuwa na nafasi nyingi za kusema na sikusema.

Nimewaza sana tangu jana kuhusu ujuzi. Nilidhani ujuzi wa mambo haya uko kwenye vidole vyepesi, kwenye kujua kibonyezo kipi kiko wapi. Mimi nina vidole vyepesi. Nilimfungulia mwizi mlango kwa wepesi uleule. Mwanaidi anaandika kwa kidole kimoja, lakini anajua kitu gani ni cha mtu na kinatakiwa kulindwaje. Alikijua kabla hajashika simu yoyote, alipokuwa anafunzwa kufagia mkeka. Semina ilimpa daftari tu. Namwonea fahari wifi yangu, na fahari hiyo inaniuma kidogo, kwa sababu ningeweza kuwa nayo miaka yote hii ningekuwa nimefungua macho.

Asubuhi ya leo, kabla mvua haijapungua, nilitaka kuingia kwenye ukurasa kwa hii kompyuta ili niwajibu wateja waliotupa pole. Ikaomba namba. Zikaenda kwake.

Nikavuka ua, safari hii na viatu. Alikuwa amekaa mlangoni anatwanga karafuu, kiswaswadu kiko pembeni yake kimeshalia. Hakukigusa. Aliendelea kutwanga, akauliza kama kawaida yake.

"Nani anaomba?"

Wapangaji walikuwepo barazani, mmoja anafua, mwingine anakinga maji ya mvua. Nikaona na wasikie.

"Aliyeitoa namba yako, wifi. Kabla ya Ramadhani. Na Jumamosi simu ilikuwa na chaji."

Mchi ulisimama. Alinitazama, si kwa ukali, zaidi kama anavyoangalia hina kama imeshakauka. Nikaongeza kwamba naomba anisamehe.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nakungoja."

Kisha akakiokota kiswaswadu, akakisogeza mbali na macho yake, akaanza kunisomea namba moja moja, pole pole, nami nikiwa nimesimama palepale nazirudia nyuma yake.

Alasiri anakuja mwali mwingine. Simu nimeshaiweka kwenye mkeka wa wifi, pembeni ya ufagio.